Meno ya Juu Kabla ya Kura

Mheshimiwa Meya Valdomiro, Padri Anselmo, Daktari Iracema, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wazee wenzangu wa Lagoa do Umbu, habari za asubuhi. Mimi Eufrásia, mwenyekiti wa chama cha wazee, nimeambiwa nisimame nishukuru kwa chumba hiki cha meno. Nashukuru. Kiti ni kizuri, taa inawaka, na utepe unasubiri mkasi.

Lakini Mheshimiwa, unaikumbuka kampeni iliyopita? Ulikuja sokoni na beseni la meno ya bandia, tukayajaribu mdomoni kama watu wanaochagua viatu vya mtumba. Ukatugawia ya juu, ukasema ya chini yatakuja ukishinda. Si ulishinda? Ya chini yako wapi? Msicheke, sijamaliza.

Mdogo wangu Gumercinda, yule pale mwenye kitambaa cha buluu, hayo ya juu yalimchubua ufizi hadi ukatunga usaha, naye akanyamaza asionekane hana shukrani. Kwenye harusi ya mjukuu wake sahani ya nyama ilipomfikia, akaisukuma. Nikamnong'oneza, "We Gumercinda, umeshiba nini na hujala?" Akanijibu, "Niache, dada. Nimeshiba aibu." Jamani, iliniuma! Huyu ndiye aliyekuwa akivunja sukari guru kwa magego, sote tukimtazama.

Wiki hii, hata kabla ya utepe huu kukatwa, Daktari Iracema amemtibu ufizi, akachukua kipimo cha kinywa chake, juu na chini. Nikamwuliza, "Mwanangu, yatakuwa tayari lini?" Akainama. "Foleni ni ndefu, mama. Labda Novemba. Ila mkataba wangu unaisha Oktoba."

Oktoba, ndugu zangu! Mwezi wa kura! Hivi ufizi wa mzee huuma wakati wa kampeni tu?

Basi, Mheshimiwa, kabla hujakata utepe, navua haya uliyonipa. Nayaweka hapa, kando ya mkasi wako. Gumercinda, lete yako. Mzee Clodoaldo, simama, usiogope, hakuna asiyejua kwamba ni ya bandia.

Sasa nasema kibogoyo, na najua mnanielewa. Tia saini Daktari Iracema abaki, ushinde usishinde. Hatuondoki hapa mpaka utujibu, na wakati wa chakula tuna uji wetu.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Mheshimiwa, kipaza sauti hiki hapa.