Miguu ya Mninga ya Fundi Ezekieli

Marehemu Ezekieli Mkumbo, ambaye wasifu wake unasomwa na bintiye Loyce kwa hasira asiyotaka kuificha, alizaliwa Iguguno tarehe 3 Agosti 1958. Mliokuwa mkimwita "mzee wa midoli" mtulie msikilize.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza mwaka 1973. Akiwa mdogo, mama yake alimpeleka Singida mjini kuuza kuku. Dukani kwa Bhagwanji akaona mashine ya gemu: sanduku la mbao juu ya miguu minne, unatumbukiza sarafu, unarusha gololi. Hakuwa na sarafu. Bhagwanji akamsimamisha juu ya kreti, akamchezesha bure. Kuku wakatoroka, naye hakugeuka.

Alijifunza useremala mjini, akaufanya hadi mwisho. Alifunga ndoa na Kristina tarehe 12 Julai 1986, wakajaliwa Loyce na Innocent. Milango yenu, vitanda vyenu, hata majeneza ya wazazi wenu yalitoka mikononi mwake.

Mwaka jana Bhanu, mwana wa Bhagwanji, alimletea mashine ile ile. Mchwa walikuwa wamemaliza miguu, na sanduku limeoza chini. Marehemu aliapa kwamba itasimama tena, nanyi mkaanza kumwita mzee wa midoli. Akaunga mbao, akakereza miguu mipya ya mninga, akaipiga msasa na vanishi, huku kifua kikimbana na kikohozi hakimwachi. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025. Miguu ilikuwa imeegemezwa ukutani, imebaki kufungwa tu.

Jana watu waliotafuta kuni za kupikia msibani waliingia karakanani kwake. Loyce aliikuta miguu jikoni, mafigani, inawaka.

"Kuni za msiba haziombwi, mwanangu," alisema baba yake mdogo, Noel, aliyefundishwa useremala na marehemu mwenyewe. "Tungejuaje?"

"Imepigwa vanishi, baba mdogo! Kuni gani zinapigwa vanishi?"

Maharage mliyoyasifia jana yaliivishwa na miguu hiyo. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mdogo wake Noel, na sanduku lile pale kando ya jeneza, juu ya matofali. Litazameni vizuri. Baba mdogo, mninga upo, na mashine ya kukerezea iko pale pale alipoiacha. Siku sanduku litakaposimama, ndipo familia hii itamwambia kaka yako apumzike kwa amani.