Pembetatu Nyekundu ya Mwalimu Eugenia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ndugu wajumbe wa bodi, walimu wenzangu, wanachuo, nanyi wageni wetu mliovuka maji kutoka Nansio; wazee wetu, shikamooni.

Tumekusanyika kumuaga Mwalimu Eugenia Bagenda, aliyefundisha uchoraji na uchapaji chuoni hapa, akaondolewa, akarudi, na leo anastaafu. Nilitayarisha hotuba ya kawaida. Lakini asubuhi hii kuna mtu amefika na picha kwapani, na kwa kuwa mmekwisha kuiona hapa nyuma yangu na mnanong'ona, ni afadhali niseme mimi hadharani kuliko kila mtu aseme lake njiani.

Itazameni. Miraba myeusi, safu kwa safu, juu ya rangi ya manjano. Na kando yake, imeinama kama inayotaka kuanguka, pembetatu moja nyekundu. Hakuna mtu, hakuna mti, hakuna ng'ombe. Mwalimu Eugenia aliichora kwa kalamu ya mafuta juu ya mawe bapa, kila rangi na jiwe lake, akaichapa mwaka 1974 kwa ajili ya ukumbi mpya wa wafanyakazi kule Nyakato.

Siku ya kuikagua, hapa katika chumba chetu cha uchapaji, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, Ndugu Malimi Ndalahwa, alisimama mbele yake akihesabu miraba kwa kidole. Mwaka ule, mnakumbuka, watu walikuwa wakihamia vijiji vipya, na kila mtu alipima maneno yake.

"Mwalimu," akasema, "hizi ni nyumba za kijiji?"

"Ni miraba, Ndugu Mwenyekiti."

"Na huu ni moto?"

Sisi tuliokuwepo tulimgeukia Mwalimu. Angeweza kusema ni Mwenge wa Uhuru, na sote tungepiga makofi. Nani angemlaumu?

"Ni pembetatu nyekundu," akajibu. "Moto umeutaja wewe."

Aliamriwa kuyasugua mawe yale kwa mchanga na maji, mbele yetu, mpaka mchoro ufutike. Akasugua mwenyewe. Maji mekundu yakatiririka sakafuni, na hakuna kati yetu aliyemtetea. Nakala zikachukuliwa. Muda si mrefu akahamishiwa kisiwani, kufundisha watoto wa darasa la kwanza. Je, alinung'unika? Ninyi wa Nansio ndio mashahidi: aliwafundisha wanenu kuchapa kwa viazi vilivyochongwa, kwa sababu hakuwa na jiwe.

Sasa, aliyeileta picha hii ni Ndugu Malimi mwenyewe. Yupo nyuma pale. Tafadhali, msigeuke wote.

Nilimzuia mlangoni, nilidhani amekuja kumharibia Mwalimu tena. Nikamwuliza, "Umeitoa wapi?" Akasema nakala moja aliificha nyumbani. "Kwa nini?" Akainamisha kichwa. Atakayoyasikia kila mmoja wenu sasa, ameniruhusu niyaseme.

"Nyumba ya mama yangu, karibu na Kisesa, ilichomwa alipokataa kuhama," alisema. "Nilikuwa nimesimama palepale. Sikumzuia mtu. Halafu nikaingia chumba chenu cha uchapaji, nikaikuta picha hii ukutani. Nilidhani kuna aliyemsimulia huyu Mwalimu."

Hakuna aliyemsimulia. Mwalimu Eugenia hakujua hata kama mama huyo yupo duniani. Nilipompelekea maneno haya, aliuliza jambo moja tu: "Mama huyo yu hai?"

Nikarudi kwa Ndugu Malimi. Yu hai. Anaishi kwa binti yake, na mama hataki kumwona huyu mwanawe.

Ndugu zangu, chuo kilitaka kuitundika picha hii hapa ukumbini, na Mheshimiwa alikubali kuizindua. Mwalimu amekataa. Amesema, na ninawapa maneno yake kama alivyoyatamka: "Hiyo ni ya yule mama. Nitampelekea leo, kabla sijasafiri kwetu Bukoba. Malimi atanionyesha njia, na ataingia ndani pamoja nami."

Nimemwuliza kama amemsamehe. Amesema, "Sijui bado. Twende kwanza."

Mheshimiwa, tuwie radhi kwa kuvuruga ratiba. Nanyi nyote, nawashukuru kwa subira na masikio yenu. Chakula kipo tayari. Kuleni, Mwalimu wetu atawakuta akirudi.

Ndugu Malimi, simama. Chukua picha. Mwalimu yuko mlangoni anakungoja.