Taa Nyekundu Ilipozimika Ziwani

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Na ninyi wa nyuma kule karibu na jenereta, litukuzwe kwenu pia. Wengi mnanijua, mimi ni Mama Furaha, yule mwanamke wa ovaroli. Leo nimevaa kitenge, lakini kucha zangu bado zina grisi na sioni haya. Mungu alizitumia hivyo hivyo zilivyo.

Nilizaliwa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Baba alikuwa fundi wa injini za boti, na kwa kuwa hakupata mtoto wa kiume, spana alinipa mimi. Injini ya dizeli naijua kwa sauti na kwa harufu, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno kidogo, Bwana anisamehe.

Vita vikatuleta Kampala. Nilikuja na ufundi wangu, lakini nikauza mitumba soko la Owino, maana hakuna aliyetaka kumpa mwanamke injini yake. Baadaye karakana moja ya Katwe ikanipokea. Kazi nikapata, ila mdomo ulikuwa umefungwa. Mteja akisema injini yake ni nzima nami naona ni mbovu, nilijibu ndiyo, bosi. Jirani akimwaga maji machafu mlangoni kwangu kule Nateete, mimi ndiye niliyesema pole. Nikibishana watanifukuza, na nikifukuzwa nitakwenda wapi tena na mwanangu? Ndugu zangu, mkimbizi anaijua hofu hiyo, inamfunga mdomo. Hicho ndicho kifungo alichonifungua Bwana, na alinifungulia katikati ya ziwa.

Mnamjua Mzee Otieno, ndugu yetu Mkenya anayeuza vifaa vya ujenzi. Alinunua yoti iliyotumika, boti nyeupe ya starehe yenye vyumba vya kulala na injini kubwa ya dizeli, apate kuwakodisha watalii. Ile injini niliifungua mimi, nikaifunga mimi, na siku ilipowaka nililia. Mzee akasema safari ya kwanza iwe ya shukrani. Tukapanda pale Munyonyo, kwenye ziwa la huku Kampala: Pasta Bahati, wazee wa kanisa, waombaji, kwaya ya watoto, na kapteni wetu Ssalongo. Furaha wangu alikaa na kwaya nyuma kabisa, juu ya mfuniko wa chumba cha injini, amevaa joho jeupe.

Tulikuwa tumeshaacha ufuko mbali taa nyekundu ilipowaka kwenye dashibodi, na king'ora kikalia. Mshale wa joto ulikuwa umepanda hadi mwisho. Tulikuwa tumepita kwenye magugu maji, na injini ya boti huvuta maji ya ziwa ili ipoe. Njia ikiziba, inachemka. Nikamwambia kapteni azime. Lakini nilisema kwa ile sauti yangu ya ndiyo bosi, na Pasta alikuwa ameshasimama kusema kwamba adui anataka kuharibu siku ya Mungu. Watu wote wakanyoosha mikono kuelekea ile taa, wakaikemea. Ninyi mnalijua kanisa letu likianza kukemea.

Na taa ikazimika!

King'ora kikanyamaza. Mshale ukashuka, ukashuka, ukapita hata pale unapokaa siku zote. Vigelegele vikajaa boti nzima, Mzee Otieno akafuta machozi, Ssalongo akaongeza mwendo.

Mimi sikushangilia. Nilisikia harufu tamu, harufu ya kulanti, yale maji ya dawa yanayozunguka ndani ya injini, yakichemka, na nyuma yake harufu ya mpira unaoungua. Nikachungulia ubavuni. Bomba la moshi la boti hutema moshi pamoja na maji, lakini sasa lilikuwa likitoa moshi mkavu mtupu. Nikaelewa. Mpira wa kulanti umepasuka na maji yote ya ndani ya injini yamemwagika. Ile sensa, kipimio cha mshale na taa, inapima joto la maji. Maji yakiisha inabaki hewani, haina cha kupima, basi mshale unaanguka na taa inazimika. Injini haikuwa imepoa. Ilikuwa inaungua, na mwanangu amekaa juu yake anaimba.

Ndugu zangu, fikirini. Nimwambie mtumishi wa Mungu, mbele ya kanisa zima, kwamba kile mnachokishangilia ni hatari? Mimi niliyeshindwa kumjibu jirani yangu? Nikaomba kwa moyo, nikasimama, nikamwambia Ssalongo azime injini.

"Mama, taa si imezima?" akasema. "Sasa iko sawa. Twende tu."

Pasta naye akanigeukia, kwa upole. "Dada, Mungu amekwisha kujibu. Mashaka ya nini tena?"

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Sauti ilitoka tumboni mwangu, kubwa, hata mimi sikuijua kama ni yangu.

"Pasta, Mungu alitujibu pale alipoiwasha ile taa. Kapteni, zima, ama nazima mimi."

Wala sikungoja. Nilivuta mwenyewe kile kishikio cha kuzima injini. Injini ikafa, watu wote wakanitazama kama nimemtukana mtu. Nikamwambia Ssalongo ashushe nanga upepo usitupeleke kwenye mawe, na kwaya nzima nikaihamishia mbele. Kisha nikafungua mfuniko.

Mvuke ulipotoka, Pasta alikuja kuchungulia. Mpira wa bomba la moshi ulikuwa umeanza kuungua, bado kidogo utoboke, na mbao zilizokuwa karibu nao zilikuwa nyeusi. Mbao zile zilikuwa chini ya watoto moja kwa moja. Pasta akavua koti lake, akakunja mikono ya shati, akasema, "Mama Furaha, utuambie tufanye nini."

Nikawaambia. Na nilivyowaambia! Nilikataza mtu yeyote asiguse kifuniko cha kulanti kabla ya injini kupoa, maana maji yake yangemuunguza uso. Tulipongoja vya kutosha nilifungua chujio, nikakuta magugu yameshindiliwa kama mchicha sufuriani. Impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji kwenye pampu, kilikuwa kimekatika mabawa, nami nilikuwa na kingine mfukoni mwa begi. Mpira uliopasuka niliukata mwishoni penye ufa, nikaubana upya. Ikabaki kuijaza injini maji safi, na kila mmoja akatoa chupa yake ya maji ya kunywa. Mama Zawadi, kiongozi wa waombaji, akaleta na ile chupa ya mafuta ya upako. Nikamwambia, mama, mafuta inayo, tupe maji. Alicheka mpaka akakaa chini.

Injini ikawaka, bomba likatema maji, tukarudi Munyonyo polepole. Wimbo wa shukrani safari hii niliuanzisha mimi. Na leo ile yoti haitoki gatini mpaka Mama Furaha aseme ndiyo. Na aliyenituma nisimame hapa mbele yenu ni Pasta Bahati mwenyewe.

Namalizia na mtu mmoja. Kuna mama humu ndani, simtaji, yeye anajua ni yeye. Ana uvimbe mwilini. Tuliomba naye, maumivu yakaondoka, na tangu hapo amekataa kwenda kupimwa, anasema akienda atakuwa amekosa imani kwa Mungu. Mama yangu, mtumaini Bwana. Mtumaini mpaka ndani ya chumba cha daktari, kwa sababu hata humo yumo. Kesho asubuhi nitakuja kukuchukua kwako. Nimeshamwambia bosi wangu wa Katwe kwamba kesho siji kazini, na sikumwomba ruhusa.