Moza binti Talal, Aliyekataa Kuolewa Kabla ya Hukumu
(Wasifu uliosomwa na kaka yake, Majid, siku ya arobaini)

Marehemu Moza alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa Mzee Talal, muuza vitambaa, na Bi Ruqaya.

Alisoma chuo cha Kurani, kisha shule ya msingi. Mwalimu mmoja alikuja nyumbani kulalamika kwamba mtoto huyu haamini jibu la ubaoni mpaka apige hesabu mwenyewe. Baba alifurahi, akamkaribisha mwalimu chai.

Mwaka 1979 alirithi duka. Kila jora lililoshushwa bandarini alilikunjua lote, akitafuta kipande kilichotoboka ambacho wauzaji hukificha ndani. Wachukuzi walimchoka, wateja walimpenda.

Vita vilipotutawanya, upweke ulimwelemea hata yeye. Mwaka 1997 aliingia katika ofisi ya bwana mmoja, Mirindi, aliyewatafutia watu wachumba kwa malipo. Akaonyeshwa picha ya Huseni, mwanamume mjane aliyekaa mbali huko Gasenyi, na kuambiwa asubiri, barabara si salama. Moza akashuku. Kila mchumba wa ofisi ile alikaa kule kusikofikika, ambako ndugu hawangeweza kwenda kumuulizia msikitini kama desturi yetu. Barabara ilipofunguliwa akaenda mwenyewe. Huseni, seremala, aliitazama picha akaduwaa.

"Picha ni yangu, mama, ila bibi mi sijatafuta. Nilipigwa ya kitambulisho."

"We na Mirindi munajuana!" Moza alimjibu, akaendelea kurudi Gasenyi kumchunguza. Alipokuja kumwamini, walikuwa wameshapendana, jambo lililomuudhi sana.

Mwaka 1998, pamoja na wanawake wengine waliodanganywa, alimshtaki Mirindi kwa kuwalaghai wateja kwa picha za watu wasiojua lolote. Mirindi alijitetea bila haya: hawa wawili si wamepatana? Basi kazi ameifanya! Wakili akaonya kwamba wakifunga ndoa, kesi ya wote itayumba. Moza akaahirisha nikaha mpaka hukumu, na kesi nayo ikaahirishwa kila mji ulipochafuka.

Mwaka 2001 figo zilianza kumsumbua. Hospitalini Huseni alimsihi waite shehe.

"Apana, Huseni. Tukioana leo, kesho Mirindi atapeleka cheti chetu kwa juge, kule mahakamani. Na wale wabibi wengine je?"

Alisema hivyo huku analia, kwa maana alimtaka sana yule mwanamume. Alifariki Jumanne, tarehe 5 Februari 2002, akazikwa siku hiyo hiyo.

Hukumu ilitoka tarehe 28 Februari. Ofisi imefungwa, na wanawake wote watarudishiwa haki yao. Karani wa mahakama, alipokuwa akiandika waliohudhuria, alimuuliza Huseni yeye ni nani kwa marehemu.

"Mi ni shahidi," akajibu, akakaa.

Marehemu ameacha kaka, Majid, dada, Saliha, wapwa zake, na Huseni wa Gasenyi, ambaye familia imemwandika hapa kwa hiari yake yenyewe, na kwenye matanga amekaa mahali pa mume.

Mola ampe pumziko ambalo hatakuwa na haja ya kulitilia shaka. Amina.