Sumu Imekufa, Ngozi Bado Inaungua: Maisha ya Darlene Stottlemyer

Ndugu waombolezaji, marehemu Darlene Ruth Stottlemyer alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kando ya mto Wabash, Indiana, mtoto wa pili wa mzee Orville Kessinger, akimfuata dada yake Nadine, yaani mimi, ambaye familia imenitwisha kazi ya kusoma haya kwa kuwa wengine wanalia tu.

Alisoma hapa hapa, akahitimu kemia mjini Terre Haute mwaka 1973, na tarehe 1 Juni 1974 akafunga ndoa na Wendell, dereva wa lori la tangi, wakajaliwa Kent na Marcy.

Mwaka 2004, jeshi lilipotaka kuiua sumu yake ya vita, iliyohifadhiwa hapa karibu na mji wetu, kwa magadi makali, yale ya kutengenezea sabuni, Darlene aliajiriwa kupima maji taka yanayobaki, akiwadondoshea sungura walionyolewa mgongo aone ngozi itakuwaje, na jibu halikubadilika: sumu imekufa, lakini magadi yanababua.

Wakubwa wakasikia nusu ya kwanza, wakatangaza ni salama, mji ukasikia nusu ya pili, ukapiga kelele kwamba sumu ingali hai, na Wendell, mumewe mwenyewe, Oktoba 2005 akashika bila glavu koki inayovuja ya lori lake lililobeba maji hayo, akisema, "Si mke wangu kasema imekufa?", ngozi ya vidole ikamtoka kama ganda la nyanya iliyochemshwa.

Darlene alimfunga kidonda huku akimfokea, "Imekufa, na inaunguza! Mwanamume we, masikio yako yana nafasi ya neno moja tu?", na tangu hapo akakataa kutia saini ripoti yoyote iliyoyatenganisha maneno hayo, wala lori lisitoke bila glavu ndefu na pipa la maji ya kunawia. Meneja akalalamika, "Bi Darlene, unatutishia watu," naye akamjibu, "Waogope magadi, waache kuogopa mzimu." Walibishana hadi majira ya machipuko, wakubwa wakachoka kwanza, wakakubali.

Alistaafu mwaka 2009. Tarehe 14 Januari mwaka huu alipatwa na kiharusi, akafariki hospitalini tarehe 3 Februari, na ninyi mliokuwa mkinong'ona jana jikoni kwamba ni sumu ya jeshi, mama yetu naye aliondoka kwa kiharusi, na hakuwahi kushika sungura ila wa kupika.

Familia inawashukuru madaktari, majirani kwa kuku na tambi, wenzake wa maabara, na madereva waliolibeba jeneza asubuhi hii, kila mmoja kwa mikono yenye ngozi yake yote.

Lala salama, Darlene, umeshasema vya kutosha.