Vyumba Sita na Kikombe Kimoja

Benchi yetu iko Furu, Butembo, kwenye kona ambako pikipiki zinageuza bila kuangalia. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, na mbele yake meza yangu ya kahawa. Kila mtu hapo ananiita Mama Bénie. Asubuhi ile sikutulia. Nyuma ya nyumba yangu kuna nafasi ya mita kumi na mbili kwa saba, na kwa miaka mitatu nimeweka kila zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, kwa ajili yake: nijenge vyumba viwili, nivipangishe, kodi ilipe minerval, karo ya shule ya mwanangu Jemima. Wapangaji hawakosekani. Kila juma watu wanafika wakikimbia vita kutoka Oicha na Manguredjipa, godoro limefungwa nyuma ya pikipiki. Kamio, lori la mchanga wangu, ilikuwa njiani, mawingu yalikuwa yanashuka, nami nikafanya kosa moja: nikatandika plan yangu ya ujenzi mezani, mbele ya wanaume watatu ambao hawajawahi kupangisha hata banda la kuku.

Plan yenyewe niliichora kwenye karatasi ya mfuko wa simenti. Kila kilichoko kwenye parcelle, kiwanja changu, nilikiandika jina. Upepo ulitaka kuibeba, Jéthro akaikandamiza kwa kikombe chake cha kahawa.

Huyu Jéthro anauza simu. Tunamwita Dubaï, ingawa safari yake ya mbali kabisa iliishia Kasindi, mpakani.

— Mama Bénie, vyumba mbili ni ya nini? akaanza. Kamoja kakibaki bure, nusu ya mali yako imelala!

— Ni mara yangu ya kwanza, Dubaï. Nataka nione mbele.

— Utaona nini? Umasikini unaujua tayari.

Siméon, fundi wa cherehani, alikuwa ameshavuta mètre yake ya kupimia nguo kutoka shingoni. Jina lake la kijiweni ni hilo hilo, Mètre.

— Batu hapana bakubwa vile munafikiri, akasema. Mi minabapima kila siku. Mabega ya mutu ni nusu mita. Chumba ya mita mbili inamutosha, yeye na bibi yake.

— Na batoto? nikauliza.

— Batoto banakunjika.

Nikachora vyumba vinne, nione tu vinavyokaa. Honi ikalia. Nikasimama. Haikuwa kamio yetu.

— Manjanja ya kuezeka, mabati, niko nayo ya vyumba viwili tu, nikasema nikikaa tena. Vinne nitavifunika na nini?

Edmond akacheka. Edmond ni maçon, fundi wa kujenga, na kazi yangu ilikuwa ianze siku ile ile. Tunamwita Ingénieur kwa sababu ana casque, kofia ngumu ya njano, ambayo anaivua kanisani tu.

— Na garantie, mama! Mupangaji wa kwanza, locataire, anaweka garantie, kodi ya miezi sita. Ile garantie inapandisha chumba ya tatu. Wa tatu anatupatia ya ine.

— Wa kwanza akihama? Garantie inarudishwaka.

— Wa mwisho atamurudishia.

— Na wa mwisho akihama?

— Mama Bénie, juu ya nini unafukuza batu mbele ya kuingia?

— Tuache mambo ya chini, akasema Dubaï. Tuweke étage! Sita chini, sita juu. Juu tunapangisha ba-ONG, batu ba mashirika ya misaada. Bale banalipa mwaka muzima mara moja. Banaomba tu groupe ya kuwasha umeme na fasi ya jeep.

— Jeep itapita wapi? Kwangu hata chukudu ya kusukuma mizigo inaingia kinyumenyume.

— Bataacha jeep ku barabara, batembee. Si ni humanitaires?

Mètre alikuwa anapima meza, sijui kwa nini.

— Ata étage haina kazi, akasema. Chumba moja unapangisha mara mbili. Veilleur, mulinzi wa usiku, analala muchana, mwalimu analala usiku. Kitanda hapana poa.

— Na siku ya mungu? nikauliza. Bote beko nyumbani.

— Kuko misa mbili.

Ningewacheka, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu na ilikuwa inaandika. Cha tano. Cha sita. Kile cha tano nilikizungusha kandokando ya kikombe cha Dubaï, kwa kuwa sikutaka kumwaga kahawa juu ya plan. Kichwani mwangu minerval ya Jemima ilikuwa imeshalipwa, nikawa nalipa ya Bénie, nikawa nachagua meza ya kulia. Nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri. Ukichoka namna hiyo, unaamini maneno ya mtu mwenye casque.

Honi tena. Safari hii ilikuwa yetu. Kamio ikasimama katikati ya njia, wenye pikipiki wakaanza kututukana. Edmond akaokota uzi wa kupimia msingi na vigingi vyake vya mbao.

— Tunapiga uzi ya mbili ao ya sita?

— Ya sita, nikasema.

Hapo ndipo mwanamke mmoja akasogea, mtoto mgongoni, kifurushi cha madaftari mkononi.

— Mama, minaitwa Élise. Niko mwalimu, banani-affecter kufundisha hapa toka Kindu. Banasema unajenga vyumba vya kupangisha.

— Umefika kwenyewe! Dubaï akampisha kwenye benchi. Chagua, Madame. Tuko na sita.

Élise akaomba kahawa, akainamia plan. Alifuata kila mstari kwa kidole, kama anasahihisha kazi ya mwanafunzi.

— Ni muzuri, akasema. Na choo iko fasi gani?

Dubaï akamtazama Mètre. Mètre akatazama mètre yake. Edmond akapanga casque vizuri.

— Choo… inakuwaka, akasema.

Nikainua kikombe cha Dubaï ili nikisuuze, nimpe mgeni. Chini yake, ndani ya duara la kahawa, katikati kabisa ya chumba cha tano, kulikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: W.C. Ndicho choo pekee cha parcelle, na tunakitumia watu saba.

— Mama! dereva akapaaza sauti. Mchanga tunaumwaga fasi gani?

Wanaume watatu wakaonyesha pande tatu.

Nikachukua kalamu, nikakata vyumba vinne. Vikabaki viwili. Pembeni nikachora kisanduku kidogo, nikaandika: choo ya locataires. Nikamwambia dereva amwage karibu na jiko, na Edmond aweke uzi chini, ashike jembe.

— Mama Bénie, mi niko Ingénieur! Siko muchimbaji ya choo!

— Shimo likiisha, utarudia kuwa Ingénieur.

Nikainamisha thermos juu ya kikombe cha Élise. Yalitoka makapi tu. Alikipokea. Alimgeukia Edmond.

— Itaisha siku ngapi, papa?

— Nyumba ao choo?

— Choo, akasema Élise. Nyumba minaweza kungojea.