Majani Yaliyoanikwa Juani

Kabla basi halijafika Bugarama, Bibi Mariana alikuwa ameshajua mambo yote ya kiti cha mbele yake, wala hakuyaomba.

“Mzee Maduhu, majani aliyoanika marehemu mkeo yalizuia mafuta yasichache kule maabara,” alisema Eunice, binti mtafiti. “Haya yako hayazuii kitu. Uliyaanika wapi?”

“Juu ya bati, mwanangu. Siku moja yamekauka. Yeye aliyaweka ndani wiki nzima, nami nikimcheka kwamba anayafungia kama mwali.”

“Basi jua limeyaharibu. Na alikuwa akiyachuma saa ngapi? Hilo nalo lina maana.”

Mzee alitazama dirishani. “Tuliishi pamoja miaka arobaini na moja. Sikumuuliza.”

Bibi Mariana, ambaye marehemu mumewe naye hakuwa mtu wa kuuliza, alitamani kumwambia kwamba hayuko peke yake. Alimwona Eunice akilifunga daftari taratibu bila kuandika neno, akampenda kwa hilo.

Basi likasimama Bugarama, abiria wakaanza kushuka. Mzee hakuinuka.

“Alikuwa akirudi na kikapu, miguu imelowa umande,” alisema. “Mimi nilikuwa bado nimelala.”